Tezi za shingo: Kikuchi au TB?

SWALI: Dada yangu wa miaka 26 ana tezi zilizovimba upande mmoja wa shingo, na homa jioni. Alianzishiwa dawa za TB, kisha biopsi (kipimo cha kipande cha tezi) ikaonyesha ugonjwa wa Kikuchi. Je, ni saratani? – Msomaji, Kayole

JIBU: La, Kikuchi ni uvimbe wa tezi usio saratani, wala hauambukizi. Ulielezwa Japani mwaka 1972, na huwapata zaidi vijana, hasa wanawake. Nairobi TB hushukiwa kwanza, na ni haki, kwani ndiyo ya kawaida. Shida ni kufyonza kwa sindano: chembe zinazofyonzwa mara nyingi hazitoshi kutenganisha Kikuchi, TB na saratani ya tezi. Heri tezi itolewe nzima. Kipande kimoja kitiwe formalini (dawa ya kuhifadhi vipande vya mwili) kwa ajili ya darubini. Kingine kiwekwe kwenye maji safi ya chumvi kwa kuotesha vimelea vya TB. Vyote vikitiwa formalini (hutokea sana), vimelea hufa na havioti tena.

Kikuchi huisha wenyewe, kwa kawaida ndani ya mwezi 1 hadi 4. Parasetamoli hutuliza homa. Dawa za TB asiziache mpaka daktari aamue. Aombe pia kipimo cha lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, na wakati mwingine huambatana na Kikuchi), na arudi kliniki akiona upele, maumivu ya viungo au tezi zikivimba upya, hata miaka baadaye.