Kujiamini kwanza au kumtegemea Mungu?
Dada pole, umesema umepewa zamu ya kuongoza neno jumuiyani Alhamisi na unataka mbinu za kujiamini kwanza ndo ukubali, mi nakushauri usisubiri hiyo. Mara ya kwanza naongoza, nyumbani kwa mama mmoja huku Pasua, karatasi ilitetemeka mpaka nikaiweka juu ya Biblia, jasho limelowesha mistari niliyoandika na peni ya bluu hata haisomeki, nikabaki nasema tu moyoni Bwana mi sina kitu nisaidie. Na alinisaidia kweli.

Soma Waamuzi 7, Gideoni alikuwa na watu 32,000 wa kwenda vitani, Mungu akawapunguza mpaka 300, sababu iko palepale mstari wa 2, Israeli wasije wakajisifu kuwa mkono wao ndo umewaokoa. Musa naye kwenye Kutoka 4 alilalamika ana ulimi mzito, Mungu hakumwambia jiamini unaweza, alimwambia atakuwa pamoja na kinywa chake. Hapo ndo mi huwa napata nguvu aisee.

Ila jiandae, kumtegemea Mungu siyo kwenda bila kusoma. Jumatano usiku pitia mistari yako, piga magoti, Alhamisi nenda hivyohivyo na woga wako.