Mtoto wa miezi 5 na michezo ya sauti
Dada wa Ngamiani, umeuliza ucheze nini na mwanao wa miezi 5 hapo nyumbani, na kama ununue midoli ya muziki. Usinunue. Sauti yako anaijua tangu tumboni.

Mpakate akuone uso. Akisema "aguu", mjibu "aguu", kisha nyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndipo wengi tunaposhindwa, maneno yanatutoka kama cherehani! Mpe nafasi: atarusha miguu, atachezesha midomo, halafu atakujibu. Ukimwimbia, taja jina lake, na mdundo umpigie mgongoni taratibu kwa kiganja.

Kayamba la nyumbani ni mchele kidogo ndani ya chupa ya maji, kifuniko ukikaze na kukizungushia selotepu. Litikise ubavuni asikokuona. Umri huu wengi hugeuza kichwa kutafuta sauti. Usimwachie peke yake, punje zikimwagika atapaliwa. Sufuria na mwiko ngoja kwanza aweze kukaa (na majirani wawe wameamka).

Akikunja uso au kuangalia pembeni, amechoka, acha. Ila kama hashtuki kwa kishindo wala haigeukii sauti yako kamwe, mwambie muuguzi kliniki, usisubiri tarehe ya chanjo.