Re: Kongo ina vikwazo vya silaha, mbona Kinshasa inanunua?

Mkuu, umeuliza mbona Kinshasa inanunua silaha waziwazi wakati kuna vikwazo vya UN. Vile vya 2003 vililenga vikundi vyenye silaha vya Kivu na Ituri, mashariki mwa Kongo, 2005 vikapanuliwa nchi nzima. Mwaka 2008 serikali ikaondolewa kwenye vikwazo hivyo, ila nchi inayouza ilibidi iitaarifu kwanza kamati ya Baraza la Usalama. Sharti hilo nalo likafutwa Desemba 2022. Kwa hiyo wanaobanwa sasa ni waasi, ambao (tuseme ukweli) hawakuwahi kuomba risiti. Mimi niko Kigoma. Jioni pale bandari ya Kibirizi maboti ya mbao yanapakia saruji na magunia ya unga ya kwenda ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Nani atafungua kila gunia?