Kiazi cha Mafinga kwenye karai la Kichina

SWALI: Shikamoo mama. Nina mgahawa mdogo karibu na stendi. Wateja wangu ni wa wali, ugali na chipsi. Nataka kuongeza "chakula cha Kiasia" kwenye ubao. Nianze na pishi gani, na je, soya sosi ni lazima?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Marahaba mwanangu. Hayo maneno yafute kwanza. Mteja akiagiza "chakula cha Kiasia" utampakulia nini? China peke yake, kaskazini kwenye baridi na ukavu wanalima ngano, wanakula tambi na mikate ya mvuke. Kusini ni wali. Guangdong samaki hupikwa kwa mvuke na tangawizi, basi. Sichuan humwaga pilipili kavu pamoja na punje za huajiao, zinazotia ulimi ganzi.

India ndiyo usiseme. Wagujarati hutia sukari guru kwenye dengu, Kerala wanaungia nazi, Punjab ni ngano na siagi. Hata biriani: ya Hyderabad nyama mbichi iliyolazwa kwenye viungo hupangwa chini ya wali, ikaivia humo humo. Ya Kolkata ina kiazi ndani. (Mtu wa pwani atakuambia hiyo si biriani. Mwache.)

Kwa hiyo chagua sehemu moja, ukiangalia unachopata kwa bei nzuri. Wewe viazi umevikalia! Wachina wana pishi la nyumbani liitwalo tudousi, viazi vilivyokatwa kama njiti za kiberiti. Vikishakatwa, vioshe mpaka maji yaache kuwa meupe, maana wanga ukibaki vitagandana na kushika karai. Vichuje vikauke. Pepea mkaa, karai lipate moto kweli. Mafuta kidogo, pilipili kavu, kitunguu saumu, kisha viazi. Geuza haraka haraka dakika mbili tatu, tia chumvi na siki, epua. Vinatakiwa vilie kidogo menoni. Wapo watakaosema havijaiva; waambie ndivyo vinavyoliwa. Hapa Uyole wajukuu zangu wanavigombania na wali, japo mdogo wao bado anadai chipsi.

Soya sosi achana nayo kwa pishi hili, hiyo hela nunua siki. Na wateja wakija kwa mkupuo usijaze karai: pika sahani moja moja, la sivyo viazi vitatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika.