Maswali yenu: mashimo ya besimenti (ghorofa ya chini ya ardhi) Kampala

Jirani anachimba nyuma ya akedi yetu (jengo la maduka) Kikuubo, ukuta umepata nyufa. Tuzibe na simenti tupake rangi?

Hapana jamani, na hili nimelijibu mpaka nimechoka. Ufa ndio ushahidi wenu. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake mbili, andika tarehe, piga picha na rula pembeni, kesho rudi uangalie tena. Shimo likichimbwa udongo wa pembeni unasogea kuelekea shimoni alafu juu yake panatitia, na kwenye udongo laini wa bondeni kutitia kunaweza kufika umbali wa mara mbili au tatu ya kina cha shimo, kwa hiyo shimo la mita 10 linamfikia hata mtu aliye mita 20 au 30 ambaye hajui kama kuna kazi inaendelea. Ufa unaopanda mshazari kutoka kona ya dirisha, mlango ulioanza kukwama, hapo upande mmoja wa jengo unashuka kuliko mwingine. Nyufa zikizidi kupanuka toeni watu kwanza, mizigo baadaye, alafu nendeni KCCA (mamlaka ya jiji la Kampala) na picha. Na nyinyi ambao jirani hajaanza bado, pigeni picha kuta zote leo, kwa sababu atakuja kusema nyufa zilikuwepo.

Tuko mlimani, murram (udongo mwekundu wa changarawe) ni ngumu, shimo limesimama wima mwezi mzima bila nguzo za kuzuia udongo. Enjinia anatusumbua bure?

Hawasumbui. Murram kavu inasimama kwa sababu unyevu mdogo uliobaki ndani unavuta chembe zishikane, mvua ikiingia huo mvuto unaisha na ukuta uleule unakatika ghafla. Mvua za Machi mnazijua. Mita moja ya ujazo ya udongo ni karibu tani mbili, kijana aliye chini na sepetu atakimbilia wapi? Inaniuma sana kuona vijana wanafanya kazi chini ya ukuta wa udongo mrefu kama ghorofa mbili na juu ukingoni lori limepaki. Nguzo zinatangulia, kuchimba kunafuata kidogo kidogo, siyo mchimbe kote ndiyo mtafute pesa ya nguzo.

Mita nne na nusu tu, hiyo nayo ni kina?

Shanghai, Juni 2009, jengo la ghorofa 13 lililala chini zima zima: upande mmoja walichimba gereji ya mita 4.6, upande wa pili wakarundika udongo kama mita 10. Ndiyo, ni kina.

Tuko karibu na mfereji wa Nakivubo, maji hayaishi shimoni. Tuongeze pampu?

Chota kwanza uyaangalie. Yakija na mchanga au tope unavuta udongo ulio chini ya majengo ya wenzako, simamisha hapo hapo. Hata yakiwa safi, ukiyashusha sana udongo wa pembeni unajibana na majengo yanashuka nao. Köln kule Ujerumani, Machi 2009, maji na mchanga vilipenya ukuta wenye kasoro wa shimo la treni, jengo la nyaraka za mji likaanguka, watu wawili wakafa. Wale walikuwa na ukuta wa zege, nyinyi mna mabati.

Michoro iliyopitishwa haina besimenti, tuliiongeza wenyewe. Kuna shida?

Kubwa. Simamisheni kazi leo, mwiteni enjinia awaonyeshe pa kurudishia udongo kwenye kuta, alafu ndiyo mpeleke michoro mipya.