Sururu kudunda si kipimo cha udongo

Swali: Mhandisi, nataka kujenga nyumba ya ghorofa nne. Fundi amechimba shimo la mita moja na nusu, na chini sururu inadunda. Anasema ardhi ni ngumu, kupima udongo ni kupoteza pesa, na kwa usalama zaidi ataongeza nondo kwenye vitako vya nguzo. Nimsikilize?

Jibu: Usimsikilize. Sururu imepima sentimita chache za udongo zilizo mbele ya ncha yake, basi. Kitako cha mita 2 kwa 2 hugandamiza ardhi hadi mbali: mita 4 chini yake bado kuna takriban asilimia 10 ya mgandamizo. Vitako vikikaribiana, mizigo yake hukutana huko chini na kwenda kina kirefu zaidi. Jengo la zege huweka kilopaskali 10 hadi 15 kwa kila sakafu (yaani tani 1 hadi 1.5 hivi kwa kila mita ya mraba), na mzigo huo hauishii pale fundi alipoishia kuchimba.

Imani hii ya "gumu juu, gumu chini" ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Mahali pengi udongo wa juu umekaushwa na jua au umeshikamanishwa na madini ya chuma, na chini yake mfinyanzi ni laini. Kuna pia mfinyanzi unaovimba: wakati wa kiangazi ni mgumu kama tofali, mvua zikiulowesha hufura hadi kuinua sakafu na kupasua kuta. Huko Transcona, Kanada, mwaka 1913, ghala la nafaka liliinama nyuzi karibu 27 ndani ya siku moja. Ardhi yake ilikuwa imepimwa kwa kupakia mzigo juu ya bamba dogo kwenye kina cha msingi. Bamba lilipima tabaka imara la juu. Mgandamizo wa msingi mpana wa ghala ukalifikia tabaka laini lililokuwa chini yake.

Nondo nazo huzuia kitako kisivunjike. Haziizuii ardhi isititie. Nguzo mbili zilizoachana mita 5 zikipishana kwa milimita 17 hivi katika kutitia, kuta zinaanza kupasuka, hata kitako kiwe kimejaa chuma.

Kwa jengo lako, chorongeni mashimo yasiyopungua matatu, yasiyo kwenye mstari mmoja, yafike angalau mita 6 chini ya msingi. Msingi ukiwa bamba moja la zege chini ya jengo zima, kina cha mashimo chini yake kiwe mara moja na nusu ya upana wake. Kila mita moja na nusu lifanyike jaribio la nyundo: uzito wa kilo 63.5 udondoke milimita 760 kuligongelea bomba la sampuli ardhini, na yahesabiwe mapigo ya milimita 300 za mwisho kati ya 450 linazoingia. Kwenye mfinyanzi, nyundo haitoshi. Itolewe sampuli isiyovurugwa ipelekwe maabara kupimwa inavyogandamizika. Mkigonga mwamba, endeleeni kutoboa mita 3 hivi, maana jiwe kubwa lililozikwa hudanganya wengi. Acheni bomba lenye matundu ndani ya shimo mojawapo, mpime maji hadi msimu wa mvua. Maji yakipanda, udongo wa mchanga hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake.

Jihadharini pia na wauza ripoti. Ripoti isiyo na mahali pa kila shimo, kimo chake, tarehe na mapigo ya kila milimita 150 ni karatasi tu. Anayekupa namba moja ya "uwezo wa udongo" kwa kiwanja chote bila kuuliza upana na kina cha msingi hajui anachouza. Ripoti ya jirani nayo haikufai, kwa sababu mita 20 tu zinatosha kukutana na bonde la kale lililofukiwa.

Kwenye miradi mikubwa ujanja huwa mwingine: mwenye mradi anakwepa uchunguzi, kisha anaandika kwenye mkataba kwamba hatari yote ya ardhi ni ya mkandarasi. Mkandarasi makini ataongeza bei kufidia asichokijua. Asiye makini atashinda zabuni, kisha atadai fidia au ataikimbia kazi shimo likijaa maji. Mkataba wa FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri) wa mwaka 1999, ule wa Kitabu Chekundu, kifungu cha 4.12, humpa mkandarasi muda na gharama akikutana na hali ambayo mwenye uzoefu asingeitarajia. Msikifute kifungu hicho. Wekeni kwenye zabuni kumbukumbu za mashimo yote.

Na msingi ukishachimbwa, mhandisi aliyesoma ripoti ashuke aulinganishe udongo wa chini na kumbukumbu hizo kabla zege halijamwagwa. Ukitofautiana, kazi isimame hapo hapo.