Timu ikipanda Ligi Kuu, msimu wa kuogopa ni wa pili

Mleta uzi, timu yenu imepanda, katibu anaomba michango, na umeuliza mambo mawili: msimu wa kwanza Ligi Kuu ukoje kwa wale walio ndani ya timu, na kwa nini timu zetu za Kanda ya Ziwa zinapanda kwa kishindo halafu baada ya misimu miwili mitatu huzisikii tena. Waliotangulia kujibu wametaja marefa, TFF (shirikisho letu la mpira) na uchawi. Marefa sina neno nao, na uchawi nimeuona ukilipiwa bila risiti, ila sidhani kama ndio unaoshusha timu.

Mimi niliwahi kuwa mtunza vifaa wa timu moja ya huku ziwani ikiwa ndiyo kwanza imepanda. Jina naliacha, maana kuna watu wananidai na wengine nawadai mimi.

Ninavyoona, msimu wa kwanza mara nyingi timu inapona. Mji mzima uko nyuma yenu, wakubwa wa mkoa wanachangia kwa sababu kuna kamera, wachezaji wana njaa ya kuonekana, na wapinzani hawawajui. Mwalimu wa timu kubwa anakuja uwanja wa Kirumba, Mwanza, hana hata mkanda mmoja wa mechi yenu. Angalieni Mbao FC ya Mwanza. Walipanda mwaka 2016 baada ya TFF kuzikata timu nyingine za kundi lao kwa upangaji wa matokeo, zile mechi za 8-0 na 7-0 mnazozikumbuka. Watu wakasema wamepita mlango wa uani. Msimu huohuo wa 2016/17 wakawatoa Yanga 1-0 Kirumba, bao la kujifunga, wakaenda fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini pale Jamhuri Dodoma, na Simba waliwafunga 2-1 baada ya dakika za nyongeza. Timu ya mwaka wa kwanza hiyo! Mwaka 2020 wakashukia kwenye mchujo mbele ya Ihefu.

Geita Gold nao walipanda 2021/22, wakamaliza nafasi ya nne, George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, wakaenda Kombe la Shirikisho Afrika. Msimu wa 2023/24 wakashuka. Biashara United ya Musoma ndiyo inayoniuma zaidi. Walimaliza wa nne 2020/21, wakawatoa Dikhil ya Djibouti, wakawafunga Al Ahli Tripoli 2-0 Dar es Salaam, halafu mechi ya marudiano Libya hawakwenda. Mnaongoza mabao mawili, timu haijasafiri! Msimu uleule wakashuka daraja.

Najua mtaniletea Gwambina, waliopanda na kushuka msimu huohuo wa 2020/21 wakiwa na uwanja wao wenyewe Misungwi. Sawa, wapo. Alliance ya Mwanza walikaa misimu miwili. Lakini wengi mwaka wa kwanza walipona, matatizo yakaja baadaye. Sasa niwaambie yanakotokea.

Kwanza ni barabara. Ukiwa Championship, daraja la chini ya Ligi Kuu, unazoea safari za shida, lakini Ligi Kuu inakupa mechi 30 na nusu yake uko njiani. Kutoka Mwanza hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,100, na ukipangiwa Mtwara, ukifika Dar ndiyo unaanza kuhesabu upya. Timu zenye hela zinapanda ndege asubuhi, jioni zinafanya mazoezi mepesi. Sisi tulikuwa tunashuka kwenye basi miguu imevimba, daktari wa timu anagawa dawa ya maumivu mpaka kwa kocha. Mchezaji wa miaka 20 haonyeshi kitu mwezi wa tisa. Mwezi wa pili ndipo unaona nyama za paja zinaanza kukamata mmoja baada ya mwingine, na watu wanasema "timu imelewa sifa". Timu imelewa safari tu.

Halafu jezi. Tulikuwa na seti mbili, ya nyumbani na ya ugenini, akiba hakuna. Ugenini nikishafua usiku, nazianika kwenye feni ya chumbani, madirisha wazi, na asubuhi nazigeuza ndani nje, maana pale kwenye pindo la kola ndipo panapobaki unyevu. Mchezaji akivaa kola mbichi kwenye baridi ya Mbeya, jioni ana mafua na lawama ni zangu. Basi kuna siku mshambuliaji wetu alifunga bao la ushindi pale Kirumba, kipenga kilipolia akavua jezi akairushia jukwaa la mzunguko. Watu wanashangilia, mimi nimeruka ukuta. Namba yake ilishasajiliwa, mechi inayofuata ilikuwa katikati ya wiki, na kuchapa nyingine ilikuwa ni kuomba hela kwa mweka hazina ambaye simu yake ilikuwa haipatikani tangu asubuhi. Nilimfuata kijana aliyeidaka mpaka soko la Mwaloni, kwenye dagaa. Aliivaa tayari. Nikampa fulana ya mazoezi na hela ya soda mbili, akasema "kaka, mimi ni Simba damu, nilikuwa naitaka tu kwa ajili ya kulalia." Nikairudisha ikinuka dagaa, nikaifua mara tatu.

Hilo la "Simba damu" ndilo linalonipeleka kwenye hela ya mageti, maana kuna mdau hapo juu ameandika kwamba timu ndogo zinatajirika kwa mechi za Simba na Yanga. Siku Yanga wanakuja Kirumba, kweli uwanja unajaa tangu saa sita. Ila umejaa kijani na njano. Watu wamezaliwa Igoma, wamekulia Mabatini, na bao la mgeni linashangiliwa mpaka Capripoint. Ninyi wenyeji mnakuwa na jukwaa moja la wanafunzi na ngoma mbili. Haya, hela imeingia. Hapo bado kodi ya VAT, uwanja, TFF, Bodi ya Ligi, chama cha mkoa, gharama za mchezo. Kinachobaki ni kizuri, sikatai. Tatizo ni kwamba hela ya Yanga tulikuwa tumeshaila kabla Yanga hawajafika. Hoteli ya safari ya Mbeya iliahidiwa kulipwa "baada ya mechi ya Yanga". Basi la kukodi, hivyohivyo. Mishahara ya miezi miwili, hivyohivyo. Mechi ilipoisha, watu watatu walikuwa wanamsubiri mweka hazina nje ya chumba cha kuhesabia, na mmoja alikuwa mama lishe wa kambi. Yule mama alistahili kulipwa wa kwanza, na alilipwa wa mwisho.

Na mechi za aina hiyo nyumbani ni mbili tu kwa msimu. Ukicheza na timu ya kawaida saa nane mchana siku ya kazi, getini mnapata hela isiyotosha hata maji ya wachezaji.

Kuna waliosema fedha za televisheni zimemaliza shida. Mkataba wa Azam wa 2021, shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, umesaidia sana, anayebisha hakuwepo zamani. Lakini ni hela ya mafungu, na mchezaji anakula kila siku. Ikiingia inakuta madeni yamepanga foleni.

Sasa tuje kwenye mwezi wa sita, hapa ndipo pananiuma. Mmebaki Ligi Kuu, mmefanya sherehe, diwani kachinja ng'ombe. Wale vijana waliowapandisha walisaini mwaka mmoja mmoja, kwa sababu kiongozi wakati huo aliogopa kujifunga na watu ambao huenda wangeshuka nao. Mikataba imekwisha. Beki wenu wa kati anachukuliwa bure, kiungo anachukuliwa bure, mfungaji anapigiwa simu na wakala akiwa bado kwenye basi. Klabu haipati hata mia. Wanachama wanapiga kelele, uongozi unataka kuwanyamazisha, basi wanaleta majina. Majina nayajua, nimeyabebea mabegi: mchezaji aliyeachwa na timu ya Dar, goti moja limefungwa bandeji tangu siku ya kwanza ya mazoezi, mshahara mara tatu ya nahodha.

Vyumba vya kubadilishia nguo vina masikio. Ndani ya wiki moja kila mtu anajua nani analipwa ngapi. Kwetu wageni walipangishiwa nyumba, waliopandisha timu wakabaki kambini wawili wawili na ndoo ya kuogea. Nahodha hakugoma wala hakusema neno. Aliacha tu kuja kunisaidia kukusanya mipira baada ya mazoezi, na vijana wengine wakafuata. Mwalimu alikuja kuniuliza kwa nini mipira inapungua. Nikamwambia, "Mwalimu, mipira ipo, watu ndio wamepungua."

Ongeza hapo kwamba wachangiaji wa mwaka jana wamechoka au wamehamishwa vituo, na yule mchezaji wa kigeni asiyelipwa amepeleka shauri FIFA. Ikitoka hukumu, timu inafungiwa kusajili. Dirisha dogo, ule usajili wa katikati ya msimu, linapita mnaangalia. Ligi iko katikati na mmeshashuka, zimebaki taratibu tu.

Mtauliza Pamba Jiji. Sisi wazee wa TP Lindanda, kama tunavyoiita Pamba, tulisubiri zaidi ya miaka 20 kuwaona tena Ligi Kuu, wakarudi 2024/25 chini ya Jiji la Mwanza. Walianza vibaya, wakamwondoa kocha Goran Kopunović mapema, akaja Fred Felix Minziro, tukafungwa na Simba 1-0 Kirumba kwa penalti ya Ateba, na mwisho wa siku tukabaki. KenGold waliopanda nao wakiwa mabingwa wa Championship walishuka, na Kagera Sugar wa Bukoba nao wakashuka. Kwa maoni yangu Pamba walipona kwa sababu kulikuwa na mtu wa kulipa mwezi wa kumi mambo yalipokuwa mabaya. Wivu ninao. Lakini hela ya halmashauri nayo ina vikao vyake, na diwani akiulizwa kwa nini zahanati haina dawa na straika kalipwa, mjadala unahama haraka.

Kuhusu daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, aliyeuliza kama linasaidia mpira: kwa timu na mashabiki wa Geita na Sengerema, ndiyo, sana. Nimekaa kwenye foleni ya kivuko na basi la timu, jua la saa saba, makipa wamelala chini ya mti. Hilo limekwisha.

Kwa hiyo, mkuu, timu yenu imepanda na unasema katibu anaomba michango ya kuleta kocha wa kigeni. Kabla hujatoa, muulize mikataba ya wale saba nane waliowapandisha inaisha lini. Akikwambia miaka miwili, toa. Akianza kukueleza CV ya kocha, kaa na hela yako mpaka dirisha dogo, wataihitaji kwa mafuta ya basi.